Shanta ya Mlimani na Nauli Rakhisi: Safari ya Granada

Wanavyuoni wetu wamesema kuwa safari imeitwa kwa Kiarabu safar kwa kuwa hufunua, nayo hufunua tabia za watu zilizokuwa zimejificha majumbani. Mtu akikaa kwake huweza kuonekana mpole, mkarimu na mkweli kwa miaka mingi. Lakini mtoe nje, mwonjeshe njaa kidogo, mcheleweshee chombo chake, mwambie kuwa mzigo wake umezidi. Hapo ndipo utakapomjua. Zamani mizani hii ilikuwa jahazini na katika misafara ya ngamia. Leo imesimama penye mlango wa kupandia ndege, na kinachopimwa juu yake ni mfuko wa mgongoni.

Maneno haya nayaelekeza khasa kwa vijana wetu, waume kwa wake, ambao Mwenyezi Mungu amewajaalia kusoma na kufanya kazi katika nchi za mbali, nao hupenda kutembea ardhini wakatazama athari za waliotangulia. Jambo hilo ni jema. Lakini kila jema lina adabu zake, na ndege za nauli rakhisi zina adabu zake vilevile.

Kwanza yafaa tujue nauli hii rakhisi imetoka wapi. Katika Marekani, shirika la Southwest lilianza kuruka mwaka 1971 kwa nauli ndogo na huduma chache. Katika Ulaya, Ryanair la Ireland lilifuata njia hiyo, na easyJet la Uingereza likarusha ndege yake ya kwanza mwaka 1995, kutoka Luton kwenda Glasgow. Kwa Waarabu, Air Arabia la Sharjah lilianza mwaka 2003, na flydubai mwaka 2009. Kwetu Afrika Mashariki, Jambojet la Kenya lilianza mwaka 2014. Shirika la Fastjet, lililoanza safari zake Dar es Salaam mwaka 2012, halipo tena leo katika anga la Tanzania.

Siri ya mashirika haya si uchawi. Zamani mtu akinunua tikiti alikuwa amenunua pamoja nayo chakula, kiti cha kuchagua na mzigo wa kupakia. Wao wamevitenga vitu hivi kimoja kimoja, na kila kimoja wakakitia bei yake. Ndege haikai sana chini. Huteremsha watu na kupakia wengine kwa muda mfupi, kwani ndege iliyosimama haichumi. Mizigo ya tumboni mwa ndege yataka wapakizi na yataka wakati. Basi asiyekuwa na mzigo huo hulipa kidogo, na aliye nao hulipa zaidi. Kwa hiyo tikiti ya rakhisi ni ya mtu na mfuko mdogo unaoingia chini ya kiti kilicho mbele yake. Huo ndio mkataba.

Sasa tuutazame mfuko wenyewe. Wakati ninapoandika haya, Ryanair na Wizz Air humruhusu abiria bila ya malipo mfuko wa sentimita 40 kwa 30 kwa 20, na easyJet mfuko wa sentimita 45 kwa 36 kwa 20. Atakaye mfuko mkubwa wa kuweka juu ya vichwa hulipa. Kwa Ryanair kipimo chake ni sentimita 55 kwa 40 kwa 20 na uzito wa kilo 10. Mwaka 2025 umoja wa mashirika makubwa ya Ulaya ulikubaliana kuwa mfuko wa bure usipungue sentimita 40 kwa 30 kwa 15. Vipimo hivi hubadilika, na kila shirika lina chake. Msafiri na avisome upya kabla ya kila safari, wala asitegemee khabari ya mwenziwe aliyesafiri mwaka juzi.

Vijana wa madrasa wapendao hisabu wataona mara moja faida ya kuzidisha. Arubaini mara thelathini mara ishirini ni sentimita mchemraba 24,000, nazo ni lita 24. Arubaini na tano mara thelathini na sita mara ishirini ni lita 32 na kitu. Hamsini na tano mara arubaini mara ishirini ni lita 44. Na shanta za wapanda milima huuzwa kwa lita. Mwenye shanta ya lita 50 aliyelipia nafasi ya lita 24 hahitaji kufika kiwanjani ili ajue hali yake. Karatasi na kalamu zatosha kumwambia akiwa bado nyumbani.

Lakini lita si kila kitu. Shanta ya mlimani imetengenezwa kwa ajili ya mgongo, haikutengenezwa kwa ajili ya sanduku. Aghlabu ni ndefu na nyembamba, na mara nyingi ile ya lita 40 hupita sentimita 55 kwa urefu. Ndani ya mgongo wake mna vipande vya bati au waya mgumu vinavyoifanya isimame. Juu ina kifuniko chenye mfuko wake, na ukikijaza hicho, urefu huzidi. Chini ina mkanda mpana wa kiunoni ambao haukubali kukunjwa. Kwa hiyo ziko shanta ambazo hesabu yake yasema zitaingia, na umbo lake lakataa.

Dawa yake ni hii. Chagua shanta laini isiyo na mifupa, au yenye mifupa inayochomoleka. Usiijaze mpaka kooni. Shanta iliyojazwa robo tatu hujikunja na kufuata umbo la sanduku, na iliyojazwa yote huwa gogo. Vitu vizito vikae karibu na mgongo, vilaini vikae nje. Mikanda yote ifungwe na kuchomekwa ndani, isije ikanasa. Nguo nzito na viatu vya mlimani vivae mwilini. Tena chukua chupa ya maji iliyo tupu: utaijaza baada ya upekuzi kwa ajili ya kunywa, na Muislamu anajua kuwa chupa ina kazi nyingine ya tohara katika nchi ambazo vyoo vyake havina maji ya kujisafishia.

Vipo pia visivyoruhusiwa. Tangu Novemba 2006 viwanja vya Ulaya vimeweka sharti kuwa vitu vya maji maji viwe katika vyombo visivyozidi mililita 100, vyote ndani ya mfuko mmoja wa lita 1 unaoonekana ndani. Viwanja vingine vilivyopata mashine mpya vimelegeza sharti hii, lakini si vyote, na yule anayerudi hupita kiwanja kingine. Mitungi ya gesi ya kupikia haipandi ndege kabisa, si ndani wala tumboni. Fimbo za kupandia mlima, katika orodha ya serikali ya Uingereza, haziruhusiwi kuingia pamoja na abiria. Kinyume chake, betri ya akiba ya kuchajia simu haitakiwi kutiwa tumboni mwa ndege, kwa kuchelea moto. Yakaa na mwenyewe. Ikiwa shanta yako itachukuliwa mlangoni ipelekwe chini, toa kwanza pasipoti, fedha, dawa na betri hiyo.

Jambo jingine ni amana. Ndugu na jamaa hupenda kumtuma msafiri. Kubeba salamu na zawadi ni wema, lakini usibebe bahasha iliyofungwa wala kopo usilolijua kilichomo, hata likiletwa na mtu wa karibu. Katika nchi nyingi, na nyingine ni nchi za Kiislamu, aliyekutwa na madawa ya kulevya mfukoni mwake huhukumiwa yeye kwanza, na kwa baadhi yake hukumu ni kifo. Kumwambia jamaa yako afungue ukione si kumdhania vibaya. Ni kumwokoa na kujiokoa.

Oktoba 2025 nilikuwa mgeni wa mpwa wangu aliye London, naye akaniomba twende pamoja Granada, nchi ya Andalusi, kwa siku nne. Tikiti alizikata kwa bei ndogo, za mfuko mdogo tu. Usiku wa kuamkia safari nilimkuta anaijaza shanta aliyoipandia milima ya Scotland, nayo ni ndefu kama mtoto wa miaka mitano.

Nikamwuliza, “Mwanangu, hii itaingia katika kipimo?”

Akacheka. “Haitaingia, Mjomba. Lakini wenzangu wana njia. Mmoja husimama mbali na mizigo yote mpaka tikiti zishaangaliwa, kisha hupita wa mwisho katika msongamano. Mara nyingi hawamwoni.”

“Na ile sharti ya mkataba uliikubali?”

“Niliibonyeza tu, Mjomba. Nani anayesoma kurasa zile?” Kisha uso wake ukabadilika, akasema kwa uchungu, “Lakini hawa nao si watu wa haki. Tikiti ni paundi chache, na ukikosea kidogo mlangoni wanakutoza kuliko tikiti yenyewe. Nani hapa anayemdhulumu mwenziwe?”

Swali hili si la kijinga, wala halikustahili kujibiwa kwa kukemewa. Hata mahakimu wameshughulika nalo. Mwaka 2014 Mahakama ya Umoja wa Ulaya ilisema kuwa mzigo wa mkononi, maadamu una ukubwa na uzito wa wastani na umetimiza masharti ya usalama, ni katika mambo ya lazima ya abiria na haufai kutozwa nyongeza. Novemba 2024 wizara ya haki za walaji ya Hispania iliyatoza faini mashirika matano, jumla yake euro milioni 179, kwa mambo ambayo miongoni mwake ni malipo ya mizigo ya mkononi. Mashirika yalikataa hukumu hiyo na kuipinga. Basi ugomvi upo, na kila upande una hoja.

Nikamwambia, “Ukiona sharti ni ya dhulma, mlango wa kushitaki uko wazi, na watu wameupita. Mlango wa pili ni kutonunua. Wa tatu ni kulipia mzigo mkubwa tangu mwanzo. Lakini kukubali kwa kidole na kuvunja kwa kificho si kuondoa dhulma. Ni kuongeza ya pili juu ya ile ya kwanza. Sura ya Al-Maida yaanza kwa kuwaamrisha walioamini watimize mikataba, wala haikutenga mkataba wa ndege. Tena yule msichana wa mlangoni utakayemdanganya siye aliyepanga bei.”

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, “Na nikivaa makoti mawili, Mjomba, nao ni udanganyifu?”

Nikamwambia la. Nguo iliyo mwilini haihesabiwi kuwa mzigo, na wao wanaiona wazi. Kilichokatazwa ni kuficha. Tofauti hii vijana waishike: kutumia nafasi uliyopewa ni busara, na kuiba usiyopewa ni khiyana, ijapokuwa ni sentimita kumi tu.

Basi tukaimwaga shanta ile kitandani. Katika vitu vilivyotoka, nusu vilikuwa vya “huenda nikahitaji”. Tukachukua shanta ya lita 24. Ndani yake tukatia nguo za kubadili mara mbili, koti la mvua, kanzu nyembamba, msala mwepesi, Msahafu mdogo, mswaki, dawa na chupa tupu. Tulipoipima, ilikuwa chini ya kilo 5. Yangu nayo ilikuwa hivyo hivyo.

Asubuhi yake, mbele yetu mlangoni, alisimama kijana wa kigeni mwenye shanta ya mgongo mgumu. Mtumishi alimwashiria aitie katika sanduku la chuma. Ikaingia nusu, ikakwama. Alipotajiwa malipo, rangi ilimtoka. Ilidhihiri kuwa hakuwa na fedha hizo. Watu wa nyuma wakaanza kunung’unika. Mpwa wangu akasogea, akamwomba ruhusa mtumishi, kisha akapapasa mgongo wa shanta ile, akachomoa vyuma viwili vilivyokuwa ndani yake na kuvilaza ubavuni. Koti lililokuwa juu likavaliwa. Shanta ikashuka katika sanduku mpaka chini. Mtumishi akaitazama, akatikisa kichwa kwa kuridhia, akawapitisha. Hapakuwa na uwongo wala ugomvi, na mtu mmoja aliondolewa dhiki yake kwa ujuzi mdogo. Na kumwondolea mwenzio dhiki kuna thawabu ambazo Mtume wetu (S.A.W.) ametubashiria.

Tuliteremka Málaga, na kwa kuwa hatukuwa na mzigo wa kungojea, tulitoka moja kwa moja tukapanda basi la Granada. Mji huu umekaa chini ya milima ya Sierra Nevada, ambayo Waarabu waliiita Jabal Shulayr. Kilele chake kikubwa, Mulhacén, chenye mita 3,479, kimepata jina lake kwa Mulay Abul-Hasan, mmoja katika wafalme wa mwisho wa Kiislamu wa mji huo. Msafiri wetu mkubwa Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika Granada pia karibu na mwaka 1350. Basi mtu wa pwani yetu akiingia Granada haingii ugenini kabisa. Amefuata nyayo za mgeni aliyepata kukirimiwa kwao.

Juu ya kilima chekundu imekaa Alhambra, ambayo Muhammad ibn al-Ahmar alianza kuijenga mwaka 1238. Katika kuta zake yamechongwa mara zisizohesabika maneno kuwa hapana mshindi ila Mwenyezi Mungu. Wenyewe waliosimamisha kuta hizo waliutoa mji tarehe 2 Januari 1492, na maneno yakabaki. Maji bado hupita katika mifereji ya sakafuni mpaka kwenye simba kumi na wawili wa mawe. Wenye shanta kubwa walizuiliwa wakaziache nje. Sisi tulizivaa zetu kifuani kama tulivyoambiwa, tukapita.

Ng’ambo ya bonde kuna mtaa wa Albaicín, na humo, mwaka 2003, ulifunguliwa msikiti mkubwa unaoitazama Alhambra uso kwa uso. Tuliswali humo Alasiri. Mtu akifikiri kuwa Waislamu wa nchi ile walilazimishwa dini, wakaasi mwaka 1568, na wajukuu wao wakafukuzwa kati ya mwaka 1609 na 1614, kisha akasikia adhana, macho yake hayawezi kubaki makavu.

Siku ya pili tulipanda basi mpaka Capileira, kijiji cha Alpujarra kilicho juu ya mita 1,400. Nyumba zake ni nyeupe, na mapaa yake ni bapa ya udongo, kama yale ya vijiji vya milimani vya Maghribi. Kutoka hapo tulishuka kwa miguu mpaka Bubión na Pampaneira, tukipita chini ya miti ya njugu zilizokuwa zikianguka. Kandoni mwa njia palikuwa na mifereji iliyochimbwa na Waislamu wa zamani ili kuteremsha maji ya theluji mashambani. Wahispania huiita acequia, na mwenye kujua Kiarabu husikia humo neno saqiya. Wenye mifereji walifukuzwa, na sadaka yao inaendelea kunywesha.

Katika njia ile ndipo faida ya shanta ndogo ilipodhihiri. Tuliwapita watu waliojitwika mizigo mikubwa, wanahema na kukaa kila penye jiwe, hali mimi niliyepita hamsini nilitembea nikitazama. Adhuhuri ilipofika tulitandaza msala, tukaelekea mashariki, tukipinda kidogo kusini, ndiko kiliko Kibla kutoka huko. Sheria ilitupunguzia rakaa. Na kwa kuwa viatu vyetu vilikuwa safi, vimefunika fundo za miguu, havipitishi maji, na tulivivaa tukiwa na tohara, tulipangusa juu yake bila ya kuvivua. Msafiri ana ruhusa hiyo siku tatu na usiku wake. Dini yetu yenyewe humpunguzia msafiri mzigo. Kwa nini yeye ajiongezee?

Wako watakaosema kuwa mwenye kumtegemea Mungu hapimi wala hahesabu. Hilo ni kosa la kale. Walikuwako watu wa Yemen waliokwenda Hija bila ya masurufu wakidai kuwa wao ni wenye kutawakali, kisha wakifika Makka wakiomba watu. Ndipo wakaamrishwa wachukue masurufu, wakafunzwa kuwa masurufu bora ni ucha Mungu. Basi tuyashike yote mawili. Chukua kinachokutosha usiwe mzigo kwa mwenzio, na usichukue kinachozidi ukawa mzigo kwa nafsi yako. Pima shanta yako nyumbani kwa futi kabla hujapimiwa na mgeni, na pima neno lako kabla hujaulizwa nalo.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu wa nchi kavu, baharini na angani, awarejeshe kwa watu wao salama, na siku ambayo mizani itasimamishwa kwa wote, ayafanye mema yetu kuwa mazito na madhambi yetu kuwa mepesi. Amin.